Pembe Nne za Shuka

Marehemu, ambaye wengi tulimwita Bwana Pembe, alizaliwa Jumatano tarehe 9 Agosti 2000, mtoto wa pili wa mama mshonaji na baba dereva wa lori. Alichelewa kusema. Alipofikisha miaka mitano daktari alieleza kwamba ana usonji, na mama akaacha kujiuliza amekosea wapi.

Alisoma mpaka darasa la saba. Kelele za kengele zilimtesa, kwa hiyo alikuwa akitoka nje dakika moja kabla hazijalia. Walimu wakaacha kutazama saa, wakawa wanamtazama yeye.

Mwaka 2019 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, kazi yake kukunja mashuka. Pembe za mashuka aliyokunja hazikupishana hata kidogo, ndipo wenzake wakambandika jina hilo. Hakuoa. Shangazi alipomuuliza, "Mwanangu, utatuletea mkwe lini?" alijibu, "Jumanne nina mashuka ya wodi ya watoto." Shangazi hakurudia tena.

Hakupenda kushikwa, hata na mama. Jambo hilo lilimuuma mama miaka yote, akalimeza. Ila kila Jumamosi walikunja pamoja mashuka ya nyumbani: kila mmoja ameshika pembe mbili, wanasogeleana mpaka vidole vinagusana, kisha mwana anarudi nyuma.

Figo zilipoanza kumsumbua mwaka jana, mama aliyakunja peke yake ili mwanawe apumzike. Yeye akayakunjua yote, akamrudishia. Mama alidhani kazi yake inakosolewa, akamfokea: "Basi kunja mwenyewe! Huna hata shukrani!" Mwana akabaki amesimama na pembe mbili mkononi, nyingine mbili ziko sakafuni. Mama analijutia neno lile mpaka leo.

Alilazwa tarehe 3 Machi 2025. Ijumaa tarehe 14, asubuhi, aliketi kitandani akavuta shuka alilojifunika. "Mama, shika pembe." Wakakunja. Vidole vilipokutana hakurudi nyuma. Alimshika mama mpaka muuguzi alipoleta chai. Hapo ndipo mama alipoelewa alichokuwa anaomba mwanawe siku ile ya ugomvi. Marehemu alituaga saa tisa alasiri.

Ameacha baba, shangazi, dada yake anayewasomea haya, na mama. Mashuka ya nyumbani bado yako kwenye kiti, hayajakunjwa. Dada alitaka kusaidia, mama akamwambia, "Acha kwanza, mwanangu. Upande huo una mwenyewe."

Mungu amlaze pasipo na kengele, kwa amani.