Watoto Wawili wa Marehemu Ta Khoat

Ndugu waombolezaji, marehemu Ta Khoat alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mkoani Quang Tri, akasoma hadi darasa la saba, na mwaka 1968 akaingia jeshini, akabeba risasi katika msitu wa Truong Son, ambako ndege za Wamarekani zilinyunyiza dawa mpaka miti ikapukutika majani yote, naye na wenzake, kwa kiu, wakanywa maji ya vijito vya humohumo, maana nani angewaambia kuwa ni sumu itakayofika hadi kwa watoto wao?

Mwaka 1976 alirudi nyumbani, akawa fundi wa matofali, mwaka 1978 akamwoa Bi Thoa, mimba tatu zikaharibika, na hapa ndipo tunaposahihisha uongo wetu, kwa kuwa mmezoea kusikia kwamba alijaliwa mtoto mmoja, Lua. Ni wawili. Quyen alizaliwa tarehe 2 Juni 1983, miguu imepinda, hasemi, na miaka yote hii tumemficha chumba cha nyuma, wachumba wasije wakamkimbia dada yake.

Marehemu aliugua saratani ya mapafu, akafariki juzi alfajiri, tarehe 9 Oktoba 2012, na kwa kuwa kwetu msiba ukishatangazwa harusi ya mtoto wa marehemu hungoja miaka mitatu, wakwe watarajiwa wa Lua walikuja mbio na sinia za tambuu na popoo za harusi, tuozeshe kabla ya kutangaza. Maneno ya mwisho ya mzee yalikuwa, "Mtoeni Quyen chumbani kwanza," nasi ndugu zake, aibu yetu, tukataka kuyameza, lakini Lua akambeba kaka yake mgongoni, akamketisha kando ya sinia.

Mama wa bwana harusi akauliza, "Na wewe, binti yangu, damu yako ni salama?"

"Sijui, mama. Hakuna anayejua."

Lo! Sinia zikabebwa, pikipiki zikawashwa. Bwana harusi, Hoach, alibaki, akaomba kitambaa cheupe cha msiba, kile wanachofungwa kichwani wana na wakwe wa marehemu, Lua akamfokea, "Nenda kwa mama yako, sitaki huruma yako mimi!" naye akasema, "Nifunge kwanza, tutagombana baadaye," na mnamwona pale, anampepea Quyen.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, na wenzake wa jeshini, ambao baadhi yenu mna watoto tusiowajua hata majina.

Lala salama, Baba Quyen.