Linki ya Demetria

DEMETRIA: Haloo? Nani mwenzangu?

MONICA: Mie, Monica. Natumia simu ya dada yangu, nipo huku Kibamba.

DEMETRIA: Da Monica. Habari za—

MONICA: Salama. Kazini hujaenda?

DEMETRIA: Wamenisimamisha. Jana mchana.

MONICA: Pole.

DEMETRIA: Usinipe pole wewe.

MONICA: Niambie tu, Deme. Faili langu la hospitali limefikaje kwa watu wa mtaani?

DEMETRIA: Ni ile linki niliyotuma kwenye grupu la majirani. Ratiba ya kupima presha bure. Nilikuwa mapokezi, nishaingia kwenye mfumo wetu wa wagonjwa. Nikakopi ile anwani ndefu ya pale juu, nika—

MONICA: Unakatika.

DEMETRIA: Nasema nilikopi anwani, nikawatumia. Kumbe jina langu na neno langu la siri vimo humohumo ndani ya anwani. Vimeandikwa waziwazi kama jina la duka. Mie sikuwahi kuisoma. Nani anasomaga ule msururu?

MONICA: Kwa hiyo aliyebonyeza—

DEMETRIA: Aliingia kama mimi. Fundi wa kompyuta kaniambia wengi waliona ratiba, wakatoka. Mmoja hakutoka. Nassibu wa dukani. Akaanza kuandika majina ya watu wa mtaa, mmoja mmoja.

MONICA: Akafika kwangu.

DEMETRIA: Ndiyo.

(mtandao unakwaruza)

MONICA: Akampelekea mume wangu picha ya majibu yangu ya virusi. Tulikuwa tunakula. Leodegar akaiweka simu mbele yangu. Akamaliza ugali wake, akanawa, akatoa begi langu nje.

DEMETRIA: Hakukuuliza?

MONICA: Aulize nini? Tarehe ya kipimo ipo pale. Miaka minne.

DEMETRIA: Da Monica, ile siku ulivyokuja mapokezi ukaniomba nisi—

MONICA: Hukumwambia mtu. Miaka yote hiyo. Najua.

DEMETRIA: Neno la siri wameshabadilisha. Ujumbe nimeufuta.

MONICA: Inasaidia?

DEMETRIA: Linki haifungui tena. Ila walichosoma wameshasoma.

MONICA: Haya.

DEMETRIA: Nitukane basi.

MONICA: Sina nguvu hiyo. Sikiliza, salio la dada linaisha. Leodegar leo kaenda kazini. Nenda pale kwangu, mlango wa jikoni usukume tu, komeo limelegea. Kuna kopo la unga wa ulezi. Ingiza mkono mpaka chini, utakuta dawa zangu nimezifunga kwenye kitambaa.

DEMETRIA: Umemeza lini mara ya mwisho?

MONICA: Juzi asubuhi. Sikuwahi kuruka siku, Deme. Hata moja.

DEMETRIA: Navaa viatu.

MONICA: Zunguka nyuma. Pale mbele majirani watakuwa wamekaa, watakusema.

DEMETRIA: Acha waseme. Kwa dada yako ni wapi?

MONICA: Ukishuka stendi, nyuma ya kanisa, uliza kwa mama—

DEMETRIA: Mama nani? Haloo? Da Monica?

(simu imekatika)

DEMETRIA: Nyuma ya kanisa. Nakuja.