Sahani ya Kwanza kwa Aliyeshuka wa Mwisho

«Mgeni rasmi, Papa Akilimali, ndugu uliokuja nao, majirani wote wa avenue Mikaratusi, wakubwa kwa wadogo: amani ya Mungu ikae nasi hapa chini kwenye maji.»

Maman Ghislaine alisoma mpaka hapo akanyamaza. Watu wakadhani anangoja makofi, wakapiga. Wala hakuwa anangoja makofi, jamani. Alikuwa amechungulia ukurasa wa tatu wa risala, akaurudisha upesi chini ya ule wa kwanza, huku upepo wa Ziwa Kivu ukivuta kitenge chake kipya.

Sababu ilikuwa imeketi safu ya pili, nyuma ya mgeni, ikinywa sucré, soda ya baridi. Ilikuwa ni Blanchard, mpima viwanja. Wiki tatu nyuma alishuka huku ufukoni na mafundi wawili, wakapanda bone nne za sima, zile nguzo fupi za saruji za kuonyesha mipaka ya kiwanja. Zilianzia juu zikafika mpaka majini, na ngazi ya majirani ikabaki katikati. Mvua ikamkuta, Ghislaine akamfunika na turubai lake la kufulia, akampa chai. Alipomwuliza kiwanja ni cha nani, Blanchard akasema hana ruhusa ya kutaja. Sawa. Leo jeep ya mgeni rasmi imesimama pale juu kwenye lami, na nani anashuka mbele ya mgeni akimbebea mkoba? Blanchard yuleyule.

«Maman wa chai!» akamnong'oneza kwa furaha. «Kumbe munajuana na patron wangu?»

Hapo Ghislaine akaelewa kwamba mwenye kiwanja ni mgeni rasmi mwenyewe, na kwamba wameumia. Maana risala iliandikwa na Muzee Tambwe, mwalimu mstaafu wa avenue, na Muzee huyo akishika kalamu hana breki. Ukurasa wa tatu, chini ya changamoto, aliandika hivi: «Huyo aliyepanda bone kwenye ufuko wetu ni mutu wa tumbo kubwa na roho ndogo, mutu ambaye mama yake hakumufundisha kugawana.» Siku ya mkutano wa majirani sentensi hiyo ilishangiliwa mpaka kuku wakaruka. Na aliyeshangilia kuliko wote, tuseme ukweli, ni Ghislaine mwenyewe.

Sasa mutu wa tumbo kubwa amekaa mbele yake, kofia nyeupe kichwani, anatabasamu. Ghislaine akainua karatasi akaendelea.

HISTORIA YETU

«Mgeni rasmi, avenue yetu ni fupi. Inaanza kwenye lami inaishia kwenye ziwa. Majirani wa avenue nyingine wanaliona ziwa juu ya kuta zenye vipande vya chupa, sisi tunalifikia kwa miguu. Zamani njia ilikuwa udongo mutupu. Mvua ikinyesha tulishuka kwa matako.»

Watu wakacheka. Mgeni naye akacheka mpaka akashika kofia.

«Miaka miwili iliyopita tulikuandikia barua kukuomba sima. Hukutujua, hukutuuliza sisi ni nani, ulituma tu camion imejaa mifuko. Kila Jumamosi tulifanya salongo: wamama walibeba muchanga kwa kichwa, wapapa walichanganya, vijana walichonga udongo. Ngazi iko na vidaraja sitini na viwili, na kila nyumba iko na kidaraja chake cha kufagia. Cha kumi na tisa ni cha mimi ninayesoma. Cha kwanza, kile cha juu kabisa, hatukukipa nyumba yoyote. Tulichora jina lako.»

Hili mgeni hakulijua. Alikuwa amekikanyaga bila kutazama. Akageuza shingo kutazama juu, halafu akamtazama Blanchard, na Blanchard akatazama viatu vyake. Ghislaine aliyaona yote hayo juu ya ukingo wa karatasi. Akajiuliza: huyu papa alijua kweli kwamba kiwanja chake na ngazi yake ni mahali pamoja?

FURAHA ZETU

«Hapa kwa kawaida watu husoma mafanikio. Tulikaa tukatafuta mafanikio, tukaona neno lenyewe linatuzidi. Tumeandika furaha.

«Asubuhi wavuvi wa sambaza, dagaa wetu wa Kivu, wanarudi na mitumbwi yao imefungwa mitatu mitatu, wanaimba, na sisi tunaojua sauti zao tunajua kwa wimbo kama wamepata au wamekosa. Wamama tunafua, tunasemana, tunapatana, vyote mbele ya saa ine. Papa Hervé anafundisha batoto kuogelea, bidon tupu ya mafuta imefungwa tumboni, na tangu aanze hatujalia mutoto hata mumoja. Wanafunzi wanakuja na madaftari yao kwa sababu hapa kichwa kinafunguka. Wazee wanacheza ludo na wanaibiana. Mvua ikisha kuosha anga, tunakiona kisiwa cha Idjwi karibu sana, unaweza kusema utaita mutu kule akuitikie.

«Hatuna hoteli, hatuna piscine ya kuogelea. Lakini Jumapili saa tisa, mgeni rasmi, hakuna mutu katika Bukavu hii anayetushinda kwa raha. Tukikuambia aksanti kwa sima, hatusemi aksanti ya mdomo. Kuna bibi hapa, Maman Georgette, alikaa miaka minne bila kugusa maji ya ziwa sababu ya miguu. Sasa anashuka polepole, kidaraja kwa kidaraja, na akifika analoweka miguu na anatukana samaki.»

«Njo vile!» akaitikia Maman Georgette kutoka kwenye kiti chake, na vicheko vikarudi.

«Tuko pia na desturi moja. Jumapili tukikaanga sambaza, sahani ya kwanza haiendi kwa mukubwa wala kwa mwenye kununua mafuta. Inaenda kwa aliyeshuka wa mwisho. Kwa nini? Kwa sababu yeye amekuta wenzake wanafurahi tayari, na anaweza kujisikia mugeni. Akisha kula, yeye njo anashika kijiko na kugawia wengine wote. Hatuendi nyumbani mpaka aulize nani bado. Leo, mgeni rasmi, wewe njo ulishuka wa mwisho.»

Maman Asumini, mkaangaji, akatoka nyuma ya moshi na sahani: sambaza kavu zinazolia kwenye meno, ndizi, pilipili pembeni. Akapiga goti kidogo, akampa. Papa Akilimali akasema bismillahi, akatia tatu mdomoni kwa mkupuo mmoja. Akafumba macho.

«Ah, maman», akasema. «Kule Uvira, mama yangu alikaangia ndagala pembeni ya barabara miaka ishirini. Nilikuwa sijapata hii ladha tangu tumuzike.»

Mama yake! Ghislaine akatamani risala ingekuwa na kurasa mbili tu. Ukurasa wa pili ulikuwa umekwisha. Akaufunua wa tatu, na pale pale, kwa wino mweusi wa Muzee Tambwe, sentensi ikamkodolea macho. Muzee mwenyewe alikuwa safu ya mbele, ameegemea fimbo yake, midomo yake inacheza tayari kuifuata.

CHANGAMOTO NA MAOMBI

Ghislaine akairuka ile sentensi. Alisema maneno yaliyokuja yenyewe.

«Mgeni rasmi, kuna mutu amepanda bone hapa. Kama ukuta utapandishwa juu yake, ngazi itabaki ndani na sisi tutabaki inje. Hatumujui... hatuna neno baya naye. Labda alinunua kwenye karatasi, na karatasi haionyeshi batoto. Tunaomba tu ashuke Jumapili moja, wa mwisho, akule na sisi. Tunamushukuru mbele, kwa sababu tunaamini akisha kula hataweza kutufungia njia.»

«Umeruka!» Muzee Tambwe akapaza sauti. «Maman Ghislaine, umeruka mustari!»

«Sikuruka, Muzee.»

«Umeruka ule muzuri!»

Watu wakaanza kunung'unika, wengine wakiisema ile sentensi chini chini kama wimbo wa kanisa. Ghislaine akamkazia Muzee jicho la kumwomba. Wapi! Na shida kubwa zaidi ilikuwa bado njiani, naye hakuwa ameifikiria hata kidogo: risala ikisha kusomwa, hukabidhiwa kwa mgeni. Kwa mikono miwili, watu wakishuhudia. Papa Akilimali alikuwa ameshaweka sahani chini, amejifuta vidole, amenyoosha mkono.

«Nipe, maman. Nitasoma mwenyewe.»

Angefanya nini? Angeitupa majini? Akampa. Kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, na kichwa kimeinama.

Mgeni akavaa miwani. Akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu kidole chake kikatembea, kikasimama. Kikabaki hapo. Ufuko mzima ukasikia mafuta ya Asumini yakichemka. Blanchard aliinuka kidogo kitini, akarudi kukaa. Ghislaine alitamani ardhi immeze pamoja na kitenge chake chote kipya.

«Maman», mgeni akasema bila kuinua macho, «wewe ulijua tangu lini?»

«Tangu uliposhuka, Papa.»

«Na ndiyo maana uliruka.»

«Nilisikia vile ulisema juu ya mama yako, mdomo ukakataa. Utusamehe. Hatukujua.»

Mgeni akasimama. Mtu mnene, kweli, kiti cha plastiki kilimfuata kidogo kabla ya kumwachia. Akasoma ile sentensi mwenyewe kwa sauti, yote, tumbo, roho na mama, na waliokuwa hawajashika maana wakapiga makofi kwa nguvu. Akawangoja wanyamaze.

«Huyo mutu ni mimi», akasema.

Makofi ya mwisho yakafia hewani. Fimbo ikamponyoka Muzee Tambwe, ikaanguka kwenye mchanga.

«Mama yangu alinifundisha kugawana. Kila jioni alibakiza fungu la mutu asiyemujua, tukimuliza la nani, anasema atapita tu. Alinifundisha, wazee wangu. Ni mimi nilisahau. Niliambiwa hapa ni kiwanja kitupu, majani na mawe. Nikaweka sahihi ofisini, sikushuka kutazama. Sima yangu ilishuka, mimi nilibaki juu.» Akavua miwani. «Nyumba nitajenga, sitawadanganya. Nitaijenga pale juu kando ya lami. Huku chini na ngazi, hapana. Blanchard!»

«Patron.»

«Hizo bone mbili za majini, ng'oa.»

«Leo, patron?»

«Umekunywa sucré yao ao hujakunywa?»

Blanchard akavua koti. Vijana wakamkimbilia kumsaidia, na Maman Georgette akapiga kigelegele ambacho kilisikika bila shaka mpaka ng'ambo. Ghislaine alilia waziwazi, bila kujificha, akijifuta kwa pembe ya kitenge, na wamama wakamshika mabega.

Muzee Tambwe peke yake ndiye hakushangilia kwanza. Alikuwa ameokota fimbo yake, akasogea mpaka mbele ya mgeni, akatoa kalamu mfukoni.

«Papa, utuhurumie. Nimefundisha miaka thelathini na nane. Maneno ya kinywa yanasahaulika. Andika ahadi hiyo hapo nyuma.»

«Muzee!» Ghislaine akamkemea.

Lakini Papa Akilimali akacheka, cheko refu la kutoka tumbo lile lile, akaugeuza ukurasa wa tatu, akauegemeza mgongoni mwa Blanchard aliyekuwa ameinama juu ya bone, akaandika mistari minne na kutia sahihi. Muzee akaisoma mara mbili. Akasahihisha kosa moja. Ndipo akatoa mkono, na alipoutoa macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

«Hiyo sentensi yangu», akasema polepole, «ilikuwa mbaya.»

«Ilikuwa nzuri sana», mgeni akamjibu. «Ilipiga hodi, ikanikuta nyumbani.»

Asumini, ambaye sufuria haimngojei mtu, akaita kwamba chakula kinapoa. Mgeni akakunja mikono ya kanzu yake, akaenda kushika kijiko. Mstari ukajipanga. Na katika vurugu hiyo Ghislaine akakumbuka kwamba risala haijafungwa, na risala isiyofungwa kwake ni sawa na nguo isiyo na pindo. Karatasi ilikuwa kwa Muzee, lakini mwisho aliujua kwa moyo, na ya leo angeyaongeza mwenyewe. Akapanda juu ya bone iliyong'olewa ikalazwa mchangani, akapaza ile sauti yake ya kusomea masomo kanisani Jumapili.

BARAKA

«Mgeni rasmi, Mungu akupe miguu ya kushuka na pumzi ya kupanda. Alaze pema mama yako wa Uvira. Fungu alilobakiza limefika. Nyumba yako ya juu isikose wageni, wala sufuria yetu ya chini isikukose wewe. Ni sisi wako, wakaaji wa avenue Mikaratusi...»

Hapo, ndivyo ilivyoandikwa, palikuwa na nukta. Ghislaine akaitazama ngazi, akamtazama yule mtu mwenye kofia nyeupe katikati ya moshi.

«...pamoja na jirani yetu Akilimali.»

Watu wakapiga makofi, lakini mwenye jina hakugeuka. Hakuwa amesikia. Alikuwa ameinua kijiko, kanzu imepata madoa ya mafuta kifuani, anachungulia ndani ya sufuria, halafu anawatazama watu mmoja mmoja.

«Nani bado?» akauliza.