Mama Angèle, Ndugu wa Wasio na Ndugu

Mama Angèle Kapinga, mfuaji wa mashuka katika hospitali yetu ya misheni hapa Likasi, anastaafu tarehe 31 Machi mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Kamati imeniomba mimi niandike wasifu wake kwa sababu, walivyosema, hakuna aliyekula chakula chake kwa muda mrefu kunishinda. Sifa hiyo naikubali. Mwenyewe amenionya nisimfanye mtakatifu, na wote aliowahi kuwagombeza kwa kuacha bomba la chumba cha kufulia wazi watanisaidia kutii.

Alizaliwa Kikula, mtaa wa hapa Likasi, katika familia iliyotoka Kasai. Baba yake aliletwa huku kijana, peke yake, kufanya kazi ya mgodi, na mwaka wa kwanza tu akaugua. Wenyeji wanajua maana yake. Hospitalini daktari anatibu na muuguzi anachoma sindano, lakini chakula cha mgonjwa ni kazi ya ndugu. Ndugu anakuja na sufuria, anatandika mkeka kando ya kitanda, anapika uani. Asiye na ndugu anabaki na harufu ya vyungu vya wengine. Baba huyo alilishwa na mwanamke asiyemfahamu, na mpaka anakufa hakupata kujua jina lake.

Kwa hiyo Mama Angèle alipoajiriwa mwaka 1991, alikuja kazini na mbabula yake, lile jiko la makaa ambalo kila nyumba ya Kikula inalo. Akaliweka kwenye ua wa nyuma, karibu na kamba za kuanikia, halafu akapita kitanda kwa kitanda akiuliza nani hana mtu. Tangu siku hiyo, kila adhuhuri, wagonjwa wasio na mtu wamekula bukari moto, ugali wetu wa huku, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki akipatikana. Mkurugenzi mmoja aliwahi kulalamika kwamba mashuka yananuka moshi. Mama Angèle alimsikiliza kwa heshima, akaitikia, akahamisha kamba. Mbabula ilibaki palepale.

Kuhusu imani yake nitasema machache, kwa sababu yeye husema machache zaidi. Anasali rozari akisugua nguo, na katika sala ya jioni ya wafanyakazi husinzia kabla ya zaburi ya pili, hilo tumelizoea. Mwaka fulani, kwenye sikukuu ya hospitali, Padri Didier alitaka kumtoa kama mfano katika mahubiri juu ya utumishi. Alipogeuka kumwonyesha kwa mkono, mama alikuwa ameshatoka kwenda kukoroga bukari yake isishike mabonge. Padri akamalizia kukisifu kiti kitupu.

Lakini siwezi kuandika miaka hii bila kumwandika Germain, ambaye ameniruhusu.

Germain alikuwa mchimbaji katika mgodi uliofungwa wa Shinkolobwe. Miaka tisa iliyopita, karibu na Kwaresima, shimo lilimwangukia. Wenzake walimleta kwa pikipiki, wakamlaza mlangoni, wakatoweka, maana kule kuchimba kumekatazwa na hakuna aliyetaka kuulizwa maswali. Hakututajia kwao wala ndugu hata mmoja. Mama Angèle akampikia kama alivyowapikia wengine. Siku chache baadaye mguu ulianza kuoza, homa ikapanda, na Germain akawa anaongea na watu tusiowaona. Ilibidi mguu ukatwe, na ili ukatwe ilitakiwa saini ya ndugu.

Hapo tulifanya kosa ambalo nadhani lingefanyika huku kwetu tu. Muuguzi mpya, aliyekuwa amemwona mama akimletea Germain sahani kila siku, alimwambia daktari kwamba dada wa mgonjwa yuko uani anapika. Huku kwetu anayekupikia ndiye ndugu yako. Nani angefikiri vingine? Mama Angèle akaitwa. Aliingia akipangusa mikono, akauliza swali moja tu, kama mtu huyu bila kukatwa atafika kesho. Daktari akasema hafiki. Angeweza kutuambia kwamba tumekosea. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akasema kwamba ndiye, "Minye njo ndugu yake," akaweka saini.

Uongo huo aliuungama kwa padri wiki ileile, na ni yeye mwenyewe aliyetusimulia. Kitubio alichopewa kilikuwa kifupi. Kile kirefu alipewa na Germain.

Alipopata fahamu na kukuta shuka limelala bapa mahali pa mguu, aliuliza nani aliyekubali. Akaonyeshwa. Mama alikuwa amesimama mbele yake na sahani.

"Weye njo ulibapatia muguu yangu," Germain akamwambia, kwamba yeye ndiye aliyewapa madaktari mguu wake, kisha akageukia ukutani.

Hakula siku hiyo, wala iliyofuata. Alikunywa maji na kutafuna mkate aliopewa na jirani yake wa kitanda, huku akisema wazi kwamba mchimbaji wa mguu mmoja ni bora angeachwa afe. Kila adhuhuri Mama Angèle aliweka sahani kwenye kigoda chake, akaenda zake, akarudi baadaye kuichukua ikiwa imejaa, akampa mwingine. Siku moja Germain aliimwaga sakafuni. Mama akaleta kitambaa, akapangusa, na shuka lililorukiwa akaenda kulifua mwenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kwaresima nzima ikapita hivyo. Sisi wengine tulikasirika kwa niaba yake. Mimi nilimwambia aache, mtu huyu hana shukrani, na wapo wengine wenye njaa. Akanijibu bila kuinua macho kwenye karai, "Minye nilisema niko ndugu yake. Sasa niache namna gani?"

Naandika haya kwa utulivu, lakini jibu lile liliniudhi sana wakati ule. Nilidhani ni ukaidi. Sikujua kwamba aliogopa, kwamba kila usiku alimwuliza Mungu kama alifanya vema au kama amemwibia mtu mauti yake. Hilo alinieleza miaka mingi baadaye, naye akiwa anamenya vitunguu.

Baada ya Pasaka malaria ilimlaza mama nyumbani. Adhuhuri ikafika, ua ukawa kimya, na wagonjwa wake wakaanza kutazama mlango. Germain akauliza yule mama yuko wapi. Akaambiwa. Akaomba magongo ambayo tangu apewe hakuwahi kuyagusa, akajikokota hadi uani, akawasha mbabula. Bukari ile niliionja, na sitaongeza neno. Kwa kuwa magongo yalishika mikono yake yote miwili, wagonjwa wenyewe walipokezana sahani mpaka vitandani. Hivyo ndivyo walivyokula mpaka mama aliporudi na kukuta sufuria yake imeungua chini. Alimgombeza Germain vibaya sana kwa ajili ya sufuria hiyo. Germain alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono apewe sahani yake.

Asante hakusema, na sijasikia mpaka leo kwamba amesema. Alijifunza kushona viatu, ana meza yake nje ya lango letu, na wengi wetu tunatembea juu ya kazi yake. Adhuhuri huacha meza na kwenda uani kusaidia.

Novemba iliyopita, Mama Angèle alianguka kwenye chumba cha kufulia akishika tumbo. Utumbo ulikuwa umejisokota na kuziba. Binti yake wa pekee, Danielle, anaishi Kolwezi, na simu yake haikupatikana. Daktari Sylvie, mgeni kwetu, alitaka saini ya ndugu ili ampasue, na haraka. Sisi wa miaka mingi tulitazamana kama wajinga, kila mmoja akitafuta nani anayestahili. Ndipo tuliposikia magongo kwenye korido. Germain alikuwa ametoka uani, unga mikononi. Daktari akamwuliza yeye ni nani wa mgonjwa.

"Minye njo niko namupikia," akasema.

Akasaini. Siku mama aliporuhusiwa kula, sahani ilikuwa kwenye kigoda. Bukari ilikuwa imeungua, na aliimaliza.

Kuanzia Aprili mbabula itabaki mikononi mwa Germain, ambaye ameomba jambo moja tu, mama asije kukagua. Tunajua atakuja. Mama Angèle, hospitali nzima inakushukuru kwa mashuka meupe, kwa moshi, na kwa uvumilivu ambao wengine tuliudharau mpaka ulipotulisha sisi pia. Mungu akupe siku nyingi, kiti kivulini, na sahani inayoletwa na wengine. Ikija imeungua, Mama, kula tu. Uko kwa ndugu zako.

Georgette, muuguzi, chumba cha upasuaji