Mama Victorine Ngalula, Mshonaji Aliyejaza Risasi Bila Kupiga Hata Moja

Ndugu, jamaa, waumini wenzetu na majirani wa Rosettenville: tuliyemsindikiza hapa makaburini Olifantsvlei leo, Jumamosi tarehe 22 Juni 2019, ni Mama Victorine Ngalula Mbuyi. Familia imenipa mimi, mdogo wake Elisée, kazi ya kusoma maisha yake. Mumewe, Baba Murielle, ameniomba niseme yale yaliyotokea, na nisimpambe.

Mama Victorine alizaliwa tarehe 9 Mei 1964 mjini Likasi, mtaa wa Kikula, katika jimbo la Katanga. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watano. Baba yetu, Mzee Mbuyi, alifanya kazi kwenye reli, na mama yetu Tshibola aliuza mikate. Wazazi wote wawili walitoka Kasai, upande wa Mwene-Ditu, lakini sisi watoto tulizaliwa Likasi na hatukujua kwingine.

Alisoma shule ya msingi ya masista hapo Kikula, kisha akaingia sekondari ya ufundi wa kukata na kushona, akapata diploma mwaka 1983. Mwalimu wake wa ushonaji alikuwa na desturi ya kugeuza nguo na kukagua upande wa ndani kwanza. Akiona uzi umekaa vibaya mahali ambapo hakuna atakayepaona, mwanafunzi alifumua nguo nzima. Dada yetu alifumua gauni lake la mtihani mara mbili. Alilisimulia jambo hilo bila kinyongo, na wanafunzi wake mwenyewe hapa Johannesburg walifumulishwa vilevile.

Tarehe 16 Agosti 1986 alifunga ndoa na Firmin Kazadi katika parokia ya Kikula. Walijaliwa watoto watatu. Murielle alizaliwa mwaka 1987. Carmel alizaliwa Aprili 1992. Miezi michache baadaye watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na familia yetu, pamoja na maelfu ya wengine, ikaenda kuishi kwenye kituo cha reli cha Likasi kusubiri treni. Tulikaa pale miezi. Carmel alifariki kituoni kwa kuhara, mwezi Novemba, na akazikwa karibu na reli. Treni ilipopatikana, tulipanda kwenda Kasai. Mtoto wa tatu, Gradi, alizaliwa hapa Johannesburg mwaka 1999.

Firmin alitangulia kuja Afrika Kusini mwaka 1996, na Mama Victorine akamfuata mwaka 1998, kupitia Zambia. Alianza kazi katika karakana ya kushona sare pale Bertrams. Mwaka 2004 walihamia Rosettenville, akafungua chumba chake cha ushonaji mbele ya nyumba. Wengi waliosimama hapa wamevaa kazi ya mikono yake: magauni ya harusi, vitenge vya kwaya tunavyoviita liputa, suti za ubatizo. Firmin alikuwa mlinzi wa usiku kwenye maghala ya City Deep. Yeye alirudi asubuhi, mkewe akiwa tayari kwenye cherehani. Mwaka 2009 walipata ukaazi wa kudumu.

Nimefika kwenye jambo ambalo baadhi yenu mlilisikia kwa njia ya uvumi, na familia imeamua lisomwe hapa wazi.

Firmin alipofundishwa bunduki kazini aliipenda shabaha, na baadaye akapata leseni yake binafsi, akajiunga na klabu moja kusini mwa jiji. Jumamosi mbili kwa mwezi alikwenda kupiga karatasi. Risasi za dukani zilikuwa ghali, na wanaklabu wengi walijaza zao upya nyumbani: ganda lililokwisha kupigwa linasafishwa, linarudishwa umbo lake kwenye mashine ya mkono, linawekwa fataki ndogo mpya kitakoni, linatiwa baruti iliyopimwa, kisha linafungwa kwa kichwa kipya. Mwaka 2015 jirani yao Mreno, Mzee Américo, alihamia kwa binti yake pwani, akamwachia Firmin mashine, mizani na meza yake. Firmin aliviweka chumba cha nyuma. Baruti na fataki alizifungia kwenye makabati mawili tofauti, kama alivyoelekezwa klabuni.

Mama Victorine hakufurahi. Alisema bunduki ya kazini inamtosha. Kwa wiki kadhaa hakukanyaga chumba kile. Halafu Jumamosi moja alikwenda kumwita mumewe kula, akasimama mlangoni, akatazama maganda yaliyopangwa kwenye kibao yakisubiri kufungwa.

"Baba Murielle," alisema, "hili moja halina kitu ndani. Na lile la nyuma limejaa kuliko wenzake."

Firmin aliinama na tochi, akaona ni kweli. Ganda tupu lingeweza kukwamisha kichwa ndani ya mtutu, na lililozidishwa lingeweza kupasua bunduki mkononi mwake. Alimwaga kibao chote, akaanza upya. Chakula kilipoa. Mama Victorine alivuta kiti, akakaa.

Ndivyo alivyoanza. Baada ya mwezi mmoja Firmin ndiye aliyekuwa anakaa, na mkewe ndiye aliyeshika mpini wa mashine. Alikagua kila ganda kwa kioo cha kukuza alichotumia kuingizia uzi. Lenye ufa mdogo alilitupa. Wakati wa kupima baruti hakuruhusu redio, simu wala maongezi. Vichwa alivifunga kwa urefu mmoja, kimoja kimoja, na kila alipomaliza safu alirudi kupima tena.

Leseni ilikuwa ya Firmin. Viongozi wa klabu walimweleza kwamba mkewe anaweza kumsaidia, lakini yeye mwenyewe awepo chumbani muda wote. Ili afanye peke yake, Mama Victorine angehitaji cheti chake, na cheti kilidai apige bunduki mbele ya mkufunzi. Firmin alimsihi achukue mafunzo.

"Hapana," alisema. "Mimi sipigi. Kujaza, nitajaza."

Mimi mwenyewe nilimuuliza, nikiwa nimekuja kutoka Bertrams kumtembelea, kwamba yeye aliyeona yote yale Likasi anapata nini humo.

"Elisée, hizi zinakwenda kutoboa karatasi," alinijibu. "Kama zingekwenda kwa mtu nisingezigusa."

"Utajuaje zinakwenda wapi, yaya?" nilisema, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu.

"Namjua anayezipiga. Niko naye tangu mwaka themanini na sita. Halafu napenda zikitoka sawa. Zikilala pale zote sawa, moyo wangu unatulia. Huko si kupata kitu?"

Tukaenda kula.

Kwa sababu ya sharti lile la leseni, wawili hawa walikaa chumba kimoja alasiri za Jumamosi. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, mmoja alikuwa analala mwingine akifanya kazi. Firmin ametuambia wiki hii, na ameruhusu lisomwe, kwamba ndani ya chumba kile, mwaka 2016, walizungumza kuhusu Carmel kwa mara ya kwanza tangu kituoni. Firmin alikuwa ameketi akichambua maganda, akasema tu bila kupanga:

"Siku ile nilikwenda kutafuta maji. Nilichelewa."

Mama Victorine alikuwa na baruti kwenye mizani. Alimwomba airudishe kwenye kopo lake na afunge kabati. Alipoona limefungwa, akageuka.

"Ulichelewa kwa sababu maji hayakuwepo," alisema. "Hata ungewahi, Baba Murielle, mtoto alikuwa ameshachoka. Nilikuwa naye. Nilimwona."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Nikafikiri hutaki jina lake litajwe."

Firmin alikuwa ameishi miaka ishirini na minne akiamini kwamba mkewe anamlaumu. Siku ile hawakujaza risasi nyingine. Walikaa humo hadi Gradi alipokuja kuuliza kama kuna chakula.

Mwezi Februari 2017 ulikuwa mbaya hapo Rosettenville. Nyumba kadhaa zilichomwa na watu waliosema ni za biashara ya dawa za kulevya na ya miili. Jumapili tarehe 19, mchana, watu walisimama mbele ya geti la Mama Victorine wakidai kwamba Wakongo wana kiwanda cha risasi ndani. Firmin alikuwa kazini, akimshikia mwenzake zamu ya mchana. Jiwe moja lilivunja dirisha la chumba cha ushonaji.

Mama Victorine alimpigia mumewe simu, kisha akatoka hadi getini akiwa bado na gauni la kanisani. Miongoni mwa watu alimwona MaNgubane, jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye yuko nasi hapa leo. Alizungumza naye kwa Kizulu chake cha sokoni.

"Mama, wewe unanijua. Ingia uone. Makabati yamefungwa, ufunguo anao mume wangu, anakuja. Tutamsubiri pamoja."

"Na kama ni kweli?" MaNgubane aliuliza.

"Basi utatoka uwaambie ni kweli."

MaNgubane aliingia. Walikaa jikoni na chai mezani, huku nje watu wakipiga kelele. Mama Victorine hakunywa chai yake. Firmin alifika akiwa na polisi wawili. Walifungua sefu ya bunduki na makabati mbele ya MaNgubane, wakasoma leseni, wakahesabu, wakakuta kila kitu ndani ya kiwango cha sheria.

"Eish, ni hii tu?" MaNgubane alisema alipoiona mashine. Alitoka getini, akawaambia watu kwamba kuna mashine moja ya kubana kwa mkono, bunduki ya shabaha yenye karatasi zake, na vitambaa vingi mno. Watu walibaki kidogo, kisha wakaondoka mmoja mmoja.

Jioni ile Firmin alitaka kuuza kila kitu.

"Likasi tulitoka kwa sababu ya maneno ya watu," mkewe alimwambia. "Leo nikitoa mashine hii, kesho watasema cherehani. Iache."

Mashine ilibaki. Kioo cha dirisha kilibadilishwa Jumanne.

Mwezi Machi 2018 Mama Victorine aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji, kisha akaanza dawa za saratani za kuingizwa mishipani. Aliendelea kushona kati ya dawa moja na nyingine. Mwezi Septemba dawa zilimwondolea hisia kwenye vidole. Hakumweleza mtu, hadi Jumamosi moja alipoangusha fataki sakafuni na hakujua kwamba imemtoka mkononi. Firmin ndiye aliyeisikia ikidunda. Mama Victorine alisimama, akavuta mikono yake mbali na meza.

"Mikono haisikii tena," alisema. "Nimeacha."

"Labda baada ya dawa itarudi."

"Labda. Lakini leo nimeacha."

Cherehani aliiacha wiki hiyo hiyo, akawakabidhi wateja wake kwa Denise, mwanafunzi wake wa siku nyingi. Hicho ndicho kipindi kigumu kuliko vyote, hata kuliko maumivu. Alikaa kitandani akitazama vidole vyake. Firmin alijaribu kumfariji kwa maneno na hakufanikiwa. Mwezi Novemba alibeba kiti chenye mito hadi chumba cha nyuma, akamwomba mkewe akae naye, amwangalie asikosee. Mama Victorine alikataa mara ya kwanza. Wiki iliyofuata alikubali. Alimsahihisha karibu kila hatua, na Firmin anasema hajawahi kufokewa kiasi kile katika ndoa yao, wala hajawahi kufurahi kiasi kile kufokewa.

Mwaka huu ugonjwa uliingia mifupani. Mwezi Mei alirudishwa nyumbani, akahudumiwa na Murielle na akina mama wa kanisa. Alikuwa na akili timamu hadi mwisho. Alipanga nyimbo za ibada, akachagua gauni atakalozikwa nalo, na akamwambia Firmin kuhusu risasi zilizobaki, ambazo alikuwa amezijaza kwa mkono wake mwenyewe kabla ya Septemba.

"Usiziweke kama ukumbusho. Risasi ikiwekwa nyumbani bila kazi inaleta mawazo. Zipige, ziishe."

"Nitabaki na nini basi?"

"Una watoto. Una mashuka niliyoshona. Halafu umejifunza kupima, utazijaza zako."

Alifariki dunia nyumbani kwake, Rosettenville, Jumanne tarehe 11 Juni 2019, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Firmin alikuwa amemshika mkono. Murielle alikuwa anapika uji.

Jumamosi iliyopita, tarehe 15, Firmin alikwenda uwanja wa shabaha kama alivyoagizwa. Nilikwenda naye. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika mahali pale, na dada yangu hakuwahi kufika. Kulikuwa na baridi na upepo kidogo. Firmin alipiga taratibu, akipumzika kila baada ya chache, na baada ya kila mlio alifungua bunduki akatazama ndani kabla ya kuweka nyingine. Hakuna hata moja iliyokwama. Alipomaliza aliweka bunduki chini, akakaa kwenye benchi, akalia kwa sauti. Wanaume wa klabu walivua kofia, wakasubiri. Kisha akainuka, akaanza kuokota maganda kwenye nyasi, nami nikainama kumsaidia.

Mama Victorine ameacha mume, Firmin Kazadi, watoto wawili, Murielle na Gradi, mkwe, Gustave, wajukuu wawili, Agnès na Marcellin, mama yetu mzazi, Mama Tshibola, aliyeko Mwene-Ditu na ambaye hakuweza kusafiri, wadogo zake wanne, nami nikiwa wa mwisho, mwanafunzi wake Denise, ambaye alimalizia gauni alilovaa marehemu ndani ya jeneza, na jirani yake, MaNgubane.

Kazi yake imekwisha, na ilikuwa nzuri. Mungu ampokee, ampe pumziko lenye amani.