Asheri wa Ua Ule na Ua Lile

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1997, Mzee Asheri Shemboza, mtunza bustani wa nyumba zetu nane za Raskazone, anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha kamba kwa miaka ishirini na minane. Kazi ya kuandika wasifu wake nimetwishwa mimi, kwa sababu, wanasema wenzangu wa Utumishi, nina mdomo. Haya, sawa. Mdomo ninao, na leo utafanya kazi.

Tangu tangazo libandikwe ubaoni, hakuna aliyeniuliza siku ya karamu wala kama pilau itakuwa ya mbuzi au ya kuku. Wote wananiuliza jambo moja: Asheri akiondoka, je, ua wa michongoma nao unaondoka? Jibu ninalo. Lakini nalitoa mwishoni, na mwenye haraka aende kwanza akanywe chai.

Asheri alikuja kutoka Lushoto mwaka 1969, kijana wa Kishambaa mwenye Kiswahili cha milimani na miguu isiyozoea jua la Tanga. Nyumba zile nane, waliokuwepo wanasimulia, zilisimama uchi: mchanga mbele, mchanga nyuma, na mbuzi wa watu wanapita kati kama kwao. Mwaka uliofuata mkewe, Ruthi, alitoka kwao na mbegu za michongoma amezifunga kwenye pindo la khanga. Watu wa pwani wakacheka mpaka basi. Miti ya baridi, kwenye upepo huu wa chumvi? Ruthi akaziotesha mwenyewe kwenye makopo ya maziwa, akamwagilia mwenyewe, na masika yalipoanza akamkabidhi mumewe miche ikapandwe. Ndiyo hiyo iliyoota ikawa ua unaozunguka makazi yetu tangu langoni hadi upande wa baharini, na ndiyo inayotuchoma viunoni tukipita njia ya mkato.

Mzee huyu ana mwaka wake, tofauti na ule wa kalenda ya ofisini. Mwaka wake unaanza na samadi, kabla mawingu ya masika hayajajikusanya, na wiki ile jamani hakuna anayefungua dirisha Raskazone nzima. Masika yenyewe ni ya kupanda. Yakishaisha ni kukata na kupogoa, na ole wako ukutwe umeanika nguo juu ya michongoma yake. Kiangazi hukata majani kwa juu juu tu, yakabaki marefu ya kujikinga na jua, na kila mwaka lazima agombane na mtu anayetaka bustani inyolewe kipara ipendeze kwa wageni. Vuli hurudi kuziba viraka. Tumezoea kiasi kwamba hata sisi tusiojua jembe tunajua msimu kwa kumtazama Asheri amebeba nini kwenye toroli.

Halafu ikaja miaka ile. Mnaikumbuka, msijifanye vijana. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, mashine ya kukatia majani imelala stoo haina petroli wala kisu. Ikatoka amri bustani zote zigeuzwe mashamba ya mihogo. Asheri akalima, tena akalima vizuri, na mihogo ile tuliila na watoto wetu. Lakini ukoka aliouotesha kwa jasho lake hakukubali uishe wote. Nyuma ya stoo alibakiza kipande kama cha mikeka miwili, akawa anakinywesha maji ya kuoshea vyombo. Huo ndio wakati watu walikuwa wanafichuliwa na magunia ya sukari uvunguni, na sisi tukampa jina: mlanguzi wa ukoka. Mwinyijuma, mlinzi wetu wa langoni, alimtania kila asubuhi kwamba leo askari wanakuja kupekua majani. Asheri anacheka, anaendelea kumwagilia. Ruksa ya biashara ilipokuja, maduka yakajaa, mihogo ikang'olewa, na kila nyumba ikataka bustani yake irudi. Ukoka wote mnaoukanyaga leo umetoka kwenye kile kipande.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1985, Ruthi alifariki. Matanga yalipokwisha Asheri alirudi kazini, akachukua mkasi, akaupogoa ua wote wa michongoma, kuanzia langoni hadi mwisho wake, peke yake. Sisi hatukumuuliza. Tulidhani ni kazi tu.

Tusilie mapema. Biashara huria nayo ilikuwa na vituko vyake. Yalipoingia maua ya plastiki, Mama Bertha wa nyumba namba tano alipanga vyungu vitatu vya maua hayo barazani kwake, mekundu, ya manjano na ya buluu ambayo hata Mungu hakuyaumba. Asheri akawa kila jioni anapita na kopo lake, anayamwagilia maji kwa adabu zote, anayapalilia, anamuuliza Mama Bertha yanaendeleaje kiafya. Haikupita wiki, Mama Bertha akayatoa mwenyewe. Leo baraza ile ina rehani na asumini, na Mama Bertha ndiye anayeongoza kamati ya zawadi.

Sasa nifike kwenye kile ambacho nyote mnangojea nikifikie. Mwaka juzi, siku chache kabla ya Idi, meneja wetu, Bi Khairat Massoud, alikuwa anasafiri kwenda kwao Pemba. Wakati ule kila jirani Raskazone alikuwa anajenga ukuta wa matofali, na juu yake vipande vya chupa. Bi Khairat naye akataka kiwanda kionekane cha kisasa. Matofali yakaletwa, yakapangwa kando ya lango. Akiwa ameshaingia garini, mlango wazi, alimwita Asheri akampa agizo kwa Kiswahili chake kilichonyooka: ua ule wa mbele uondoke, asiukute akirudi. Asheri akaitikia, gari likaenda zake.

Ndugu zangu, nadhani mmeshaanza kucheka. Kwa sisi tuliozaliwa Makorora, hapa hapa Tanga, ua ule ni wigo, na ua lile ni la kunusa. Mtoto wa miaka mitatu hakosei. Lakini Asheri maisha yake yote wigo aliuita michongoma, basi. Ua kwake ni ua, liwe lile, uwe ule, yote sawa. Na mbele ya mlango wa Bi Khairat, kwenye nyumba inayopakana na ofisi yetu, lilikuwepo ua moja, waridi jekundu ambalo bosi mwenyewe hulinusa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Mwinyijuma anasimulia kwamba mzee alilizunguka waridi lile siku nzima, anatikisa kichwa, hajui limemkosea nini mama wa watu. Agizo ni agizo. Akalichimba. Lakini kuliua hakuweza. Alilitoa na udongo wake, akalipanda kwenye debe nyuma ya stoo, pale pale alipouficha ukoka. Kisha, kwa kuwa ni Idi na bosi anarudi, akaipogoa michongoma vizuri kuliko siku zote.

Bi Khairat alirudi akakuta ua ule umesimama unang'aa kama bwana harusi, na mlangoni kwake kuna shimo. Sauti yake tuliisikia ofisi nzima, na madirisha yote yakajaa vichwa, changu kikiwa cha mbele. Alisema ule, hakusema lile! Asheri amesimama na kofia mkononi, anaomba radhi kwamba alishindwa kuliua, liko kwenye debe, akitaka litupwe litatupwa. Wakawa wanapishana hivyo hivyo, huyu ule, huyu lile, mpaka Mwinyijuma akaingilia kati kumweleza mzee kwamba kilichotakiwa kuondoka ni michongoma.

Asheri aliketi chini. Pale pale, kwenye ukoka, mtu mzima yule. Akasema basi afadhali waridi liondoke, na bustani yote kama ni lazima, lakini michongoma ile ni mkono wa Ruthi. Picha yake hana. Kaburi liko Lushoto, anafika kwa nadra. Alichobaki nacho hapa ni miti aliyoiotesha mkewe kwenye makopo, na kila akiipogoa hujiona wako wawili. Miaka kumi tulimtazama na mkasi wake tusijue. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Bi Khairat akaanza kucheka, akacheka huku anajifuta macho kwa ncha ya mtandio, na hadi leo hakuna anayejua kilikuwa kicheko au kitu kingine. Akamwinua Asheri kwa mkono wake mwenyewe. Akatamka mbele yetu kwamba ukuta utangoja mpaka siku Mzee Asheri atakapostaafu. Tukapiga makofi, tukarudi mezani.

Na siku yenyewe ndiyo hii inakuja. Ndiyo maana mnanisumbua kwenye korido, na ndiyo maana Asheri mwenyewe, tangu mwezi wa nne, amekuwa anapogoa polepole kupita kawaida na kuchelewa kuondoka. Hajamuuliza mtu. Hataki kuonekana anaomba.

Jibu ni hili, na nimeruhusiwa kulitoa. Wiki iliyopita Bi Khairat aliagiza yale matofali yabebwe. Yamekwenda Maramba, kwenye kiwanja cha Mzee Asheri, yamalizie nyumba yake ya uzeeni. Hiyo ndiyo zawadi ya kiwanda. Michongoma haiguswi, si na meneja huyu wala, akiweza kuzuia, na atakayemfuata. Safari hii aliita wahusika wote, akasema taratibu, na akaenda kuushika ua wenyewe kwa mkono ili mtu asikosee. Michongoma ikamchoma, akasema mambo ya Kipemba ambayo hayaandikiki humu.

Na mlangoni kwake, lile shimo ameagiza libaki kama lilivyo. Mzee alitaka kulirudisha waridi mahali pake, bosi akakataa. Limeshazoea debe, amesema, na lina safari.

Mzee Asheri, shikamoo. Kwa ukoka uliotunyimia mihogo miwili mitatu ukatupa bustani zote hizi, ahsante. Kwa kutufundisha misimu bila kutuita darasani, ahsante. Mungu akujaalie afya na mvua ya wakati wake huko Maramba, ukae kwenye kivuli ulichokipanda mwenyewe, na ukija mjini usipite bila kutusalimia. Kiswahili chako hatukusahihishi tena, kwani kilipokosea ndipo kilipotuokolea michongoma ya Ruthi. Ua ule unabaki na sisi. Ua lile nenda nalo.

Suhaila Ahmada
Ofisi ya Utumishi