Bwana Kabange wa Mwendo Muzuri

Ijumaa hii, tarehe 30 Novemba 1962, Bwana Adalbert Kabange anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Katika muda huo ametumikia koloni, kisha jamhuri kwa siku chache kabla hatujaambiwa kwamba tumeiacha, na sasa Dola ya Katanga, yote hayo bila kuhama meza. Bendera zilibadilika, mihuri ikabadilika, picha ukutani zikabadilika. Meza ni ileile, karibu na dirisha, na mguu wake mfupi bado umewekewa kipande cha katoni. Mkurugenzi wetu, Bwana Gérard, ameniomba niandike maneno haya kwa sababu nimekaa meza ya pili tangu ofisi ifunguliwe na, kwa kauli yake, namjua mstaafu kuliko mkewe anavyomjua. Mama Agnès asije akasikia.

Bwana Kabange alizaliwa Kabalo, kaskazini, mtoto wa fundi wa reli. Alisoma kwa mapadri, akaandika kwa mkono mzuri, na mwaka 1931 akaajiriwa karani wa kunakili katika idara ya elimu hapa Elisabethville. Alipanda cheo polepole, kama walivyopanda wote waliojua kazi bila kuwa na rangi iliyotakiwa. Mwaka 1956, vyuo vilipoanza kupokea vijana wetu, alihamishiwa Ofisi ya Bourse, inayowalipia wanafunzi masomo. Hapo ndipo alipokutana na mapenzi ya maisha yake, nayo ni Kanuni ya Saba.

Kwa wasomaji wa idara nyingine: kupewa bourse si shida, kubaki nayo ndiyo kazi. Kanuni ya Saba inadai mwanafunzi awe na kile kinachoitwa kwa Kifaransa progrès satisfaisant, yaani maendeleo ya kuridhisha. Ahudhurie masomo, apate nusu ya alama katika kila somo, na asirudie mwaka. Akianguka, anaweza kujitetea kwa ugonjwa, msiba au force majeure, maana yake jambo lililomshinda nguvu, mradi mamlaka ithibitishe kwamba jambo hilo lilikuwepo. Bwana Kabange aliipenda kanuni hii jinsi wengine wanavyopenda bia baridi.

Wala hakuishia kuisoma mezani. Kijana mmoja aliwahi kuandika kwamba amekosa mtihani kwa sababu amelazwa na homa nyumbani kwa mjomba wake, njia ya Kinsevere. Bwana Kabange alipanda baiskeli siku ya Jumamosi, akafunga suruali kwa vibanio, akaenda kumjulia hali. Alimkuta mgonjwa katikati ya arusi, akicheza na bibi arusi, jasho linamtoka. Ripoti yake ilisema kwamba homa ameiona, lakini haikuwa ya aina inayotajwa katika Kanuni. Kijana alipoteza bourse, na nasikia arusi ile bado inasimuliwa huko.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wenzangu wote wanasubiri niliseme. Mwanzoni mwa mwaka 1961 tuliagizwa kubandika Kanuni ya Saba mlangoni kwa Kiswahili, ili wazazi nao waelewe. Kazi alipewa Bwana Kabange. Alifikiri wiki nzima juu ya progrès satisfaisant, akakataa kila nililopendekeza, kisha akaandika kwamba bourse itabaki kwa mtoto mwenye "mwendo muzuri". Bwana Gérard, ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye kuagiza kahawa, alisaini. Muhuri ukagongwa. Tangazo likabandikwa mlangoni.

Wazazi walielewa vizuri sana. Wengine walielewa kwamba tunataka tabia njema, wakaja na barua za paroko kuthibitisha kwamba mtoto wao hanywi, hapigani na hakosi misa. Wengine walielewa kutembea. Mama mmoja alitoka mbali na mwanawe mwenye alama za kutisha katika hesabu, akamwamuru atembee mbele ya dirisha letu, aende na kurudi, huku yeye akituambia, "Muangalie mwenyewe! Iko na kasoro gani?" Kwa kweli hakuwa na kasoro. Alitembea kama afisa wa jeshi.

Nilimwambia Bwana Kabange kwamba labda neno limekosewa. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa mbele ya watoto wake. Halafu akasema, "Ile iko na cachet," na mazungumzo yakaisha, kwa sababu kwake yeye kitu chenye muhuri hakikosei. Alikuwa mbishi, na sioni kwa nini nilifiche hilo katika gazeti la wafanyakazi wanaolijua wote.

Kisha ikaja Septemba ya mwaka ule, na mapigano mjini, na ile kambi ya wakimbizi ambamo Waluba wa Kasai, walioshukiwa kuwa maadui wa Dola, walijazana chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za bluu. Miongoni mwao alikuwa Stanislas Kazadi, muuza vitambaa, mwenye nyumba mtaa wa Bel-Air ambayo ilikuwa imeshapata wakaaji wapya wasioomba ruhusa. Binti yake Mujinga alikuwa mwanafunzi wetu katika chuo cha ualimu, mmoja wa wasichana wachache mno tuliokuwa nao. Alikuwa amebakiza somo moja, la pedagojia, kulirudia katika kipindi cha pili cha mitihani. Asubuhi ya mtihani askari wa kizuizi cha barabarani walimrudisha kambini. Akaandikiwa sifuri.

Sifuri hiyo, kwa Kanuni ya Saba, ilikuwa mwisho wa bourse, na bila bourse hapakuwa na chuo. Baba yake alikuwa hana duka, hana nyumba, na alikuwa akilala chini ya turubai. Nikadhani force majeure iliandikwa kwa ajili ya watu kama hawa. Lakini mamlaka ilipaswa kuthibitisha, na ofisi moja ya juu nisiyoitaja ilitujibu kwamba watu wa kambini walikwenda huko kwa hiari yao. Aliyekwenda kwa hiari hakushindwa nguvu na kitu. Majibu hayo nayo yalikuwa na muhuri, na Bwana Kabange aliyaweka kwenye faili na kuendelea na kazi. Mimi siku ile nilimchukia.

Siku chache baadaye, Baba Stanislas akaja mwenyewe dirishani. Alikuwa amevaa koti lake la duka, limejaa makunyanzi, na alisimama muda mrefu akisoma tangazo letu mlangoni kabla hajaingia.

"Baba," akamwambia Bwana Kabange, "muliandika mwendo muzuri. Mutoto wangu anatokaka mu camp asubui na mapema, na mikulu, bila motokari, anapita ku barrière zote, anafika ku masomo, na mangaribi anarudia. Kila siku. Sasa munataka mwendo gani tena?"

Mimi nilikuwa nikingoja Bwana Kabange aeleze, hatimaye, kwamba neno lilikusudiwa alama na si miguu. Ingetosha sentensi moja. Lakini sentensi hiyo ingemlazimu kukiri kwamba tangazo lake limekosea, na jambo la namna hiyo hajapata kulifanya tangu 1931. Alichomoa faili la Mujinga. Kisha akasema kwamba dai hilo ni halali, ila Kanuni inataka lithibitishwe, na kwamba atakwenda kulithibitisha.

Hapa wenzetu vijana wakumbuke jambo moja. Bwana Kabange ni Muluba wa kaskazini, na mwaka ule hilo halikuwa jambo la mtu kulitembeza mbele ya vizuizi. Jina lake lilikuwa kwenye kitambulisho chake, kwa herufi kubwa, kwa mwandiko wake mzuri mwenyewe. Mama Agnès alimwomba aende na gari la ofisi. Alimjibu kwamba gari halina mwendo unaohusika.

Basi asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni mwa kambi, na suti na tai, akatembea na Mujinga hadi chuoni. Mujinga amenisimulia. Kwenye kizuizi cha kwanza walimwuliza yeye ni nani wa msichana huyu. Akasema ni ofisi. Kwenye cha pili walisoma jina lake, wakamkalisha chini juani, wakamvua kofia, na mmoja akamwuliza anatafuta nini na watu wa kambini. Alieleza Kanuni ya Saba. Aliieleza yote, pamoja na vifungu vidogo, mpaka askari wakachoka wakamwachia. Njia nzima hakumwambia msichana neno la kumpa moyo. Alimwuliza tu pedagojia ni somo la namna gani, na kwa nini aliliacha hadi kipindi cha pili.

Alifika ofisini amechelewa, mara ya kwanza tangu nimjue, viatu vyeupe kwa vumbi. Aliandika ripoti kwa kamati: tangazo la Kiswahili limesainiwa na Mkurugenzi, kwa hiyo linaifunga ofisi; mwendo wa mwanafunzi umekaguliwa na ni muzuri sana. Bwana Gérard akabaki na njia mbili. Akubali, au atangaze mbele ya kamati kwamba alisaini kitu asichokielewa. Alikubali haraka sana. Mujinga akaachiwa bourse kwa mwaka mmoja wa majaribio, kwa sharti apasi kila somo.

Mpaka leo watu wananiuliza kama ilikuwa huruma au ubishi. Nimekaa karibu naye kuliko wote na sijui. Nadhani hata yeye hakutaka kujua.

Mujinga alipasi. Alipasi Julai mwaka huu, masomo yote, na pedagojia kwa alama ambazo zilimfanya Bwana Kabange avue miwani aifute. Lakini wazazi wake hawakuliona jina lake ubaoni. Walikuwa wamekwisha kupandishwa treni pamoja na watu wa kambini, kurudishwa Kasai ambako Baba Stanislas alikuwa hajafika tangu ujana wake. Binti alibaki kwa masista, peke yake katika mji huu.

Septemba kamati ilikutana kuthibitisha bourse za mwaka wa mwisho. Ni desturi kwamba mwanafunzi aliyekuwa kwenye majaribio aje na mzazi, au anayesimama mahali pa mzazi, na asiyekuja naye huahirishwa. Kuahirishwa Septemba ni kukosa mwaka. Mujinga aliingia, akasimama katikati ya chumba. Bwana Gérard alitazama nyuma yake, akatazama mlango, kisha akauliza habari za wazazi, "Et les parents?" Msichana akageuka, naye akautazama mlango.

Bwana Kabange alikuwa kwenye kiti cha katibu. Alifunika kalamu yake, akanisogezea karatasi za kumbukumbu za kikao, akainuka. Aliizunguka meza yote ya kamati, upande mrefu, akapita nyuma ya viti vya wakubwa, akaenda kusimama kando ya Mujinga, mikono imenyooka.

"Niko hapa," akasema.

Na Kanuni, wapendwa wenzangu, iko wazi. Mtumishi wa ofisi hii haruhusiwi kumsimamia mwanafunzi yeyote isipokuwa mtoto wake. Hakuna mtu chumbani aliyeijua kuliko yeye. Bwana Gérard alimtazama, akamtazama msichana, akageuza ukurasa. Mimi niliandika kwamba mzazi alihudhuria. Nimeyaweka haya hadharani leo kwa sababu kuanzia Jumamosi hakuna wa kumwadhibu, na kwa sababu nilijivunia kuandika mstari ule kuliko kitu chochote nilichoandika katika ofisi hii, wasifu huu ukiwemo.

Tunakushukuru, Bwana Adalbert, kwa miaka yote, kwa ubishi wako, na kwa kutufundisha kazi hata pale ulipotuudhi. Mungu akupe wewe na Mama Agnès afya na usingizi wa asubuhi. Pumzika utakavyo, lakini usiende mbali: mwezi wa saba mtoto wako ana mtihani wa mwisho, na safari hii lazima mtu wake aje kusoma ubao.

Zéphirin Chola, meza ya pili